Mimi na gitaa, Mwalimu na piano: tulivyopiga jazi bila besi wala dramu

Ukimwambia mtu wa Mbeya kwamba unapiga jazi, swali la kwanza ni bendi yenu ina watu wangapi. Siwalaumu. Masikio yetu yamelelewa na Morogoro Jazz, Western Jazz na wenzao, bendi kamili za dansi zenye magitaa kadhaa, vyombo vya kupuliza na waimbaji. Nikijibu kwamba tuko wawili tu, ushauri unaanza kumiminika. Tafuteni besi. Tafuteni mtu wa dramu. Wekeni midundo ya kinanda, watu wacheze. Na wewe wa gitaa, shika kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, nyuzi zote sita, usiache mapengo! Huu wa mwisho ndio mbaya kuliko wote, na ndio uliorudiwa na watu wengi zaidi.

Mwenzangu ni mwalimu wa kwaya mstaafu, mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo kabla sijaweka gitaa chini. Anaishi upande wa Tukuyu, mimi nakaa Uyole. Nauli ya Kosta si kitu, elfu chache tu. Shida ni mvua ya Rungwe, kwa hiyo gitaa lisafirishe kwenye begi zito na ndani yake ulizungushie mfuko wa nailoni.

Aliyetutia hamu ni Bill Evans na Jim Hall. Mwaka 1962 Evans, mpiga piano, aliingia studio na Hall, mpiga gitaa, wakarekodi albamu inayoitwa Undercurrent. Hakuna besi, hakuna dramu. Mwaka mmoja kabla yake Evans alikuwa amefiwa na mpiga besi wake, Scott LaFaro, kijana wa miaka 25 aliyekufa kwa ajali ya gari. Nilimpelekea Mwalimu albamu hiyo kwenye simu. Aliusikiliza wimbo wa kwanza, My Funny Valentine, mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hawa wanapokezana pumzi kama alto na tena," zile sauti mbili za katikati za kwaya. Sentensi hiyo ilinifaa kuliko masomo yote ya mtandaoni niliyopitia.

Lakini kabla hatujaifanyia kazi, tuliupa ule ushauri wa midundo ya kinanda nafasi yake. Aliyetushauri alikuwa fundi wa muziki wa maharusi, na alitukopesha kinanda chake kizuri kabisa. Tukachagua Autumn Leaves, wimbo uliotungwa Ufaransa mwaka 1945 na Joseph Kosma, kwa sababu karibu kila anayejifunza jazi huanzia hapo. Kinanda cha namna ile husikiliza mkono wako wa kushoto, kikakisia kodi unayoshika, kisha kikapiga besi na dramu chenyewe. Sasa, mpiga piano wa jazi mara nyingi haishiki nota ya chini kabisa ya kodi, ile inayoipa kodi jina lake. Anaiacha, anashika zile za juu zenye rangi. Kodi ya kwanza ni A ndogo yenye saba. Mwalimu akashika C, E, G na B. Mashine ikaona C, ikapiga besi ya C kwa nguvu zote. Ikaja D yenye saba, yeye akashika F shapu, A na C. Mashine ikang'ang'ania F shapu. Kufika nyumbani kwenye G, ameshika B, D na F shapu, besi ikatua B! Kila mahali besi iko mlango wa jirani, na dramu zinaendelea kwa furaha. Mwalimu akisubiri kidogo mwisho wa mstari ili wimbo upumue, mashine haisubiri. Ukitaka ikuelewe, inabidi upige kodi za shule ya msingi, na hapo umeshaua kilichokuleta. Tulikirudisha kinanda kwa shukrani, na Mwalimu akasema tuanze upya kwa njia ya kwaya.

Njia ya kwaya ni do-re-mi. Wanakwaya wengi wa huku kwetu wanasoma nota hizo vizuri kuliko zile za mistari mitano, na sijui kwa nini watu wa gitaa wanazidharau. Mwalimu aliuandika Autumn Leaves wote kwenye daftari la mistari, G ikiwa do. Alipomaliza aliniita nione: kodi zinatembea kutoka re kwenda so, do, fa, ti, mi, hadi la. Ngazi nzima, nota zote saba, kila moja inapewa zamu yake ya kuwa msingi. Nilikuwa nimeupiga wimbo huo kwa herufi muda mrefu bila kuliona hilo.

Kisha akanionyesha jambo lililobadilisha upigaji wangu kabisa. Kwenye kodi ya re, nota zinazobeba maana ni fa na do. Ukienda kwenye so, fa inabaki palepale na do inateremka hatua moja kuwa ti. Ukifika kwenye do, ti inabaki na fa inateremka kuwa mi. Imba pole pole na mwenzako, utasikia ni alto na tena wa tenzi tulizokua nazo. Basi kazi yangu ikawa hiyo: nyuzi mbili za katikati, vidole viwili, sauti mbili zinazosogea kwa hatua ndogo. Nota za chini namwachia Mwalimu. Zile kodi za nyuzi sita nilizoambiwa nizishike zinaangukia pale pale piano inapoongea, nyote mnasikika kama matope. Freddie Green, mpiga gitaa wa Marekani, aliingia bendi ya jazi ya Count Basie mwaka 1937, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987, na sifa yake kubwa ni kodi za nota mbili tatu, wakati mwingine moja tu inayosikika. Na wapiga rizimu wetu wa dansi hawakuwa wakikung'uta nyuzi zote hovyo, walichagua njia yao nyembamba katikati ya solo na besi. Wanaosema "usiache mapengo" hawajawasikiliza vizuri hata wazee wetu.

Zaidi ya hapo, angalia nota ndefu za wimbo wenyewe. Inaanza fa juu ya kodi ya re, halafu mi juu ya do, halafu re juu ya ti, halafu do juu ya la. Fa, mi, re, do, ngazi inashuka, na kila mara ni nota ya tatu ya kodi yake, ukihesabu kutoka kwenye msingi. Kwa hiyo Mwalimu akiwa anaimba wimbo kwa mkono wa kulia, nota ya tatu tayari anayo. Mimi naiacha. Nabaki na uzi mmoja! Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza, piano ilifunguka sauti kama mtu amefungua dirisha.

Zamu yake ya solo ikija, natembeza besi kwenye nyuzi nene, nota nne kwa kila baa, yaani kila kipimo cha mapigo manne, naye anaondoa mkono wa kushoto kule chini. Zamu yangu ikija, yeye anarudi chini. Tunabadilishana kila baada ya baa 32, na hatuhesabu kwa sauti. Nakaa upande wa mkono wake wa kushoto nione kidole gumba. Kikinyanyuka, najua ni zamu yangu ya chini. Mapigo ya swingi, yale ya jazi yanayoyumba, aliyapata upesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuligawa pigo moja mara tatu, nota ya kwanza ichukue mbili na ya pili ichukue moja.

Piano ya kule ni ya kusimama, imeachwa kanisani tangu enzi za wamisionari. Ina nyuzi zaidi ya mia mbili, na ukungu na mvua za miaka zimeuchezea ule ubao wa sauti: unatanuka, unasinyaa, nyuzi zinalegea. Fundi wa kuja kuitengeneza alitaja bei ya kutufukuza. Kijana mmoja akaniambia nilitengeneze gitaa kwa programu ya simu ya kupima sauti tu, "programu haidanganyi". Programu haidanganyi, lakini A ya piano ile imeshuka hadi karibu mitetemo 425 kwa sekunde badala ya 440. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikaishusha 440 hadi ikakubaliana na A ya katikati ya piano, kisha nikatengeneza nyuzi zote kwa kipimo hicho. Programu nyingi zinaruhusu, watu hawafungui tu ukurasa huo. Subiri kwanza gitaa lizoee ubaridi wa chumba, hasa Juni na Julai. Nyuzi za chuma zikipoa zinakaza, ukianza kupiga vidole vinazipasha moto na zinashuka tena.

Halafu kuna F moja juu ya C ya kati ambayo imekufa kabisa, ukiibonyeza haitoki. Ndiyo maana tuliuweka wimbo kwenye ufunguo wa G. Huko F ya kawaida haina kazi, ni F shapu tu, na nyuzi zote sita za gitaa zikiwa wazi ni nota za ufunguo huohuo. Hakuna aliyewahi kugundua.

Tumeshapiga kwenye tafrija ya harusi mjini Mbeya, wakati wa chakula, Mwalimu akitumia kinanda kilichokuwepo na midundo yote imezimwa. Mshereheshaji alitaka tuiwashe, tukakataa. Mama mmoja mtu mzima alikuja kumshika Mwalimu mkono, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza mpiga besi amekaa wapi. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa tunauandaa All the Things You Are wa Jerome Kern, wa mwaka 1939. Una baa 36, na do inahama: A flati, C, E flati, G, E, kisha inarudi ilikotoka. Mwalimu ameshaandika kila do mpya kwa wino mwekundu. Tatizo ni kwamba kodi ya kwanza kabisa ni F ndogo, na ile F bado imekufa. Yeye anataka tuhamishe wimbo mzima, mimi nataka tuifungue piano kiangazi, mbao zikikauka. Nimeshanunua bisibisi.