Nna wageni

Nimezima taa tangu saa 3 na sasa ni saa 5 usiku. Feni inazunguka, Nahodha, mume wangu, anakoroma, na mimi bado nasikia maneno mawili tu. Bora niyaandike, huenda yakaniacha nilale.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Mama alikuwa kibarazani, mguu mmoja kaukunja, anachagua mchele kwenye ungo huku kaibana simu kwa bega. Mimi nilikuwa ndani, pazia tu kati yetu, nakunja nguo za kurudi nazo. Nikamsikia anamwambia mtu: "Ee shoga, leo sitokuja darsani. Nna wageni."

Wageni wenyewe ni mimi na mume wangu.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha, kisha akauliza habari ya mguu wa huyo shoga yake, wakaagana, akaendelea kutupa vijiwe uani. Na kuku walikuwa wanavikimbilia vile vijiwe wakidhani ni chakula. Nakumbuka hata hilo. Nimesimama na kanzu ya Nahodha mkononi nangoja aongeze neno, aseme "mwanangu kaja" au "watoto wapo". Hakuongeza.

Wiki hii ina makubwa yake: mtoto wa kaka kaolewa na shughuli imekwenda salama, hati ya kiwanja cha Mwahako imetoka, na Nahodha kaletewa barua kwamba mkataba wake wa karakana kule Kiel, Ujerumani, tunakoishi, umeongezwa miaka 2. Kila moja lilistahili siku yake hapa. Lakini nikikaa kuandika linakuja hilo hilo la kibarazani.

Nimelijaribu kwa kila sauti. Nimelisema kama majivuno, "nna wageni" ya mtu anayetaka jirani ajue kwamba nyumba yake ina watu kutoka mbali. Nimelisema kama uchovu. Nahodha, nilipomwambia usiku ule, alisema mimi nimeingia kwa mkumbo. "Mgeni ni mimi, mkwe. Mama hawezi kwenda darsani akamwacha mkwe na sufuria tupu." Ni maelezo mazuri, na yeye aliyatoa kwa huruma, akanishika kichwa. Ila Nahodha ni mtu wa Pangani, na mama keshamtuma mara 2 kupanda mwembe.

Mimi hajanituma popote. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Tulipofika tulikuta shuka mpya kitandani, mikunjo yake haijafunguka, inanuka sanduku. Bafuni kuna sabuni ndani ya karatasi yake, haijaguswa, na juu yake taulo limekunjwa pembe nne. Chai ya asubuhi inakuja na vikombe vya kabatini, vile vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, ambavyo sisi tukiwa watoto tuliviona Idi kwa Idi na siku ya posa. Mama anakifuta kila kikombe kwa pindo la kanga kabla hajamimina. Nikinyanyuka kushika mbuzi nikune nazi, ananiwahi: "Kaa mwanangu, utajichafua." Kikombe changu cha bati, kile cheupe chenye mdomo wa buluu nilichonywea uji mpaka namaliza darasa la saba, nimekikuta nyuma ya jiko kinachotea mahindi ya kuku.

Siku tuliyoshuka stendi ya Kange, utingo alipiga ubavu wa basi akatangaza kwa furaha, "Tanga hiyo, waja leo waondoka leo!" Nilicheka pamoja na abiria wengine. Ni maneno yetu, sisi ndio tunaowaambia watu wa bara. Sikudhani hata kidogo kwamba na mimi nimo.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnaujua mwaka wetu ulivyokwenda. Aprili tulipanda meli ya Oslo, mwendo wa saa 20 juu ya maji baridi, kumwona binamu yake Nahodha na mtoto wake mchanga. Novemba tukaenda Muscat kwa shemeji, tukala mpaka tukasahau kama tuna kazi. Kila nyumba tuliyoingia tulikuwa wageni na wala halikuniuma, maana kwenye begi la mkononi mtu unakuwa na nyumba moja ambayo huendi kama mgeni. Ngamiani. Barabara ya 12. Nyumba yenye mlango wa kijani ambao ukisukuma lazima uunyanyue kidogo.

Na katikati ya mwaka huo, Juni, mama alikuja kwetu.

Niliandika hapa kuhusu viza, kuhusu safari ya basi la alfajiri mpaka Dar es Salaam, kuhusu alivyotoka uwanja wa ndege wa Hamburg amejifunika kanga juu ya koti. Sikuandika kuhusu wiki zake 5 zilivyokwenda ndani ya nyumba. Kiel mwezi wa Juni jua linazama karibu saa 4 usiku. Mama alikuwa anakaa dirishani na tasbihi anangoja magharibi, anangoja, na nje watoto bado wanaendesha baiskeli. "Jua la kwenu halina adabu," alisema. Tulimpeleka bandarini wiki ile ya mashindano ya matanga, pwani nzima imejaa vyombo, akasimama kimya muda mrefu kisha akauliza, "Sasa hawa wote wanakwenda kuvua nini?"

Nilimpangia ratiba. Leo bandarini, kesho mfereji mkubwa tuone meli zinavyopita katikati ya mashamba, kesho kutwa Hamburg. Nilimnunulia shuka mpya, na taulo, na sabuni ya mawaridi. Akisogea kwenye sinki nilikuwa namshika mabega namrudisha kwenye kochi: "Mama, wewe kaa. Umefanya kazi maisha yako yote." Nilimaanisha. Nilikuwa najiona nalipa deni. Aliniomba ufagio siku ya tatu, nikamwonyesha mashine ya kufyonza vumbi, nikaiwasha mwenyewe.

Ndiyo maana akaanza kushuka chini. Bibi wa Ghorofa ya Chini mnamjua, yule mjane anayetuletea samaki wa moshi waliofungwa kwenye gazeti, ambaye Septemba alitupeleka kwao Eckernförde kutuonyesha kwamba mji wake na Tanga ni ndugu wa hiari miaka mingi, na kwamba huko ndiko wanakogeuza visamaki vya fedha kuwa vya dhahabu kwa moshi. Hana Kiswahili, mama hana Kijerumani. Siku moja nimerudi kazini, zamu ya asubuhi, miguu inawaka, mama simwoni. Nikashuka. Nikawakuta wawili jikoni kwa bibi, kila mmoja na kisu, katikati yao beseni la stroberi. Mama anakata vikonyo, bibi anapima sukari ya kupikia jamu. Vidole vya mama vyekundu mpaka kwenye kiganja, na usoni ana furaha ambayo juu kwangu sikuwahi kuiona. Kesho yake wakamenya mbatata. Siku nyingine walikula wale visamaki, mama akavitafuna na kichwa na mkia kama bibi alivyomwonyesha, akaniambia kule juu, "Aliyevipika hivi ana subira." Kisha akaongeza, "Shoga yangu wa chini ananipa kazi."

Lilipita. Nililichukua kama sifa kwa bibi.

Usiku wa kuamkia leo ndipo nilipokumbuka jingine. Wiki ya pili ya mama, asubuhi, nilimpigia msimamizi wangu wa zamu kuomba nibadilishiwe Jumamosi. Mama alikuwa mezani, anachovya mkate kwenye chai. Nilipokata simu akauliza: "Umesema neno moja mara mbili. Besuhi. Ndiyo nini?"

"Besuch, mama. Mgeni. Nimemwambia nina mgeni."

"Ahaa," akasema. Akachovya tena mkate.

Nimekaa kitandani nimeshika goti. Sasa nina mazungumzo mawili ya kurudiarudia badala ya moja. Je, alilibeba lile neno miezi 7, kutoka meza ya Kiel mpaka kibaraza cha Ngamiani? Au hakulikumbuka kabisa na ni mimi tu ninayeunganisha? Mama si mtu wa kulipiza. Ila ni mtu asiyesahau, anaweza kukutajia bei ya khanga aliyoinunua mwaka niliozaliwa. Nimetaka kumuuliza. Jana tulikuwa wawili tu tunaanua nguo, nikafungua mdomo, nikaishia kusema kwamba kaskazi mwaka huu unavuma vizuri. Akakubali kwamba unavuma vizuri.

Lakini Jumamosi kuna jambo lilitokea, nalo nataka liwemo humu.

Mama alikuwa anapika samaki wa kupaka, nguru, na alikuwa amechelewa. Mkaa umegoma, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Mimi nimekaa kwenye kigoda nilichokalishwa. Ghafla, bila kugeuka, akapaza sauti: "We! Kimbia dukani ukwaju, na usikawie!"

Niliondoka kama nilivyo, kanga kiunoni, nyingine kichwani, ndara za mama miguuni, ndogo, kisigino kiko nje. Nina miaka 41. Nilipita barabara ya 12 nikikimbia kweli, watu wa bao wakanitazama. Kijana wa dukani simjui na yeye hanijui. Nilimwambia nimetumwa na bi mkubwa wa mlango wa kijani. Akafunga ukwaju kwenye kijikaratasi, akafungua daftari, akapitisha kidole. "Mwambie bi mkubwa lile deni la mafuta ya kula, 4,500, bado."

Mgeni haambiwi deni la nyumba. Nilililipa pale pale, na mkono ulikuwa unatetemeka kidogo nikihesabu noti.

Niliporudi nilimwambia. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akanigeukia na kiuno kashika. "Nani kakutuma ulipe? Nimekutuma ukwaju! Yule mtoto mimi nimewekeana naye mwisho wa mwezi, sasa atajifunza kuwadai watoto wangu njiani. Na huo ukwaju ndio nini, umechukua wa jana, huoni umekauka? Macho unayo ya nini? Lete kinu." Aliniandama mpaka samaki wakaiva. Nilitwanga pilipili nikipigwa maneno, nikasikia kitu kimelegea kifuani. Kaka alipita akauliza kulikoni, mama akamjibu, "Muulize dada yako, hajui kununua ukwaju."

Kesho yake chai ilikuja na vikombe vya dhahabu tena. Nikakiangalia changu. Nikanywa.

Ijumaa tunaondoka. Mama keshaanza kufunga achari kwenye chupa za plastiki na kuzizungushia gundi ya karatasi, na Nahodha anapima begi kwa mkono, analipandisha na kulishusha, anasema linafika kilo 23 huku tunajua limezidi. Chupa moja ina alama ya uzi mwekundu shingoni. Hiyo ni ya shoga wa chini, ya embe isiyo na pilipili nyingi.

Na hapo ndipo nina wasiwasi mwingine. Bibi tulimwachia ufunguo, na kila asubuhi tangu tufike huku ananitumia picha ya mrehani wangu wa dirishani, kuniambia ungali hai. Picha ya mwisho ilikuja Jumamosi. Jumapili kimya. Jana kimya. Leo nimemwandikia mara 2, na ujumbe una tiki moja. Kule kuna barafu, na ngazi ya kutokea uani kwetu inateleza, yeye mwenyewe ndiye hunionya kila mwaka. Nahodha kasema simu yake itakuwa imeisha chaji na hajui ilipo. Inawezekana, ilishatokea. Nimempigia jirani wa ghorofa ya 3, naye hapokei.

Mama aliniuliza jioni, tulipokuwa tunafunga madirisha, "Shoga yangu hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Sasa hivi kule ni saa 3 usiku. Ndiyo saa yake ya kuzima taa ya jikoni. Nimeangalia tena, bado tiki moja.