Kodi ya miezi sita, mkopo wa miezi 36

Kiwanja changu cha Chanika, Dar es Salaam, 20 kwa 20, nilikinunua 2014 kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hati sikuwa nayo, kwa hiyo habari ya kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba iliishia hapo. Nilikuwa na mshahara wa ualimu, na kila nilipoweza nilinunua kitu: tripu ya mchanga, mifuko kumi ya saruji, tofali mia mbili za inchi sita. Ilichukua miaka minne vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na choo chake, kufika kwenye lenta, ile zege ya juu ya milango na madirisha. Vikasimama hapo, nyasi zikaota ndani.

Februari 2019 nikaenda SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo. Akiba yangu ilikuwa milioni 3, na utaratibu wetu ni kukopeshwa mara tatu ya akiba. Nikachukua milioni 9 kwa miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza ni 250,000 ya deni lenyewe na 90,000 ya riba, jumla 340,000, inakatwa mshahara ukiwa bado haujafika mkononi. Kodi ya vyumba vinne kwa 70,000 kila kimoja ni 280,000 kwa mwezi. Hata vikijaa vyote, mwanzoni ningeongeza 60,000 ya kwangu. Nililijua hilo nikakubali, kwa sababu riba ilikuwa inashuka 2,500 kila mwezi na mwisho wa deni vyumba vinabaki vyangu. Ila makato yalianza Machi, na mpangaji wa kwanza aliingia Julai. Miezi minne hiyo ilibebwa na mshahara mtupu. Anayepanga kukopa ili amalizie nyumba aiweke miezi hiyo kwenye hesabu yake mapema.

Wapangaji waliingia wanne ndani ya wiki mbili, kila mmoja na kodi ya miezi sita, 420,000. Nikajikuta nina 1,680,000. Hapo ndipo nilipokosea. Nilinunua geti, nikachangia harusi ya mdogo wangu, nikalipa ada ya mwanangu. Yote yalikuwa mambo ya maana, lakini Septemba pesa ilikuwa imekwisha na wapangaji sikuwadai kitu hadi Januari. SACCOS ikaendelea kukata kama kawaida, nyumbani tukala kwa kukopa dukani. Novemba mvua za vuli zikajaza shimo la choo. Gari la kunyonya lilitaka 90,000, sikuwa nayo. Wapangaji walikaa na harufu ile siku tano, watu walioshanilipa hadi mwisho wa mwaka. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Januari nikafungua akaunti ya pembeni na kununua daftari. Kodi ikiingia, inakaa kule yote. Kila tarehe 1 nahamisha ya mwezi huo tu. Kwenye 70,000 ya chumba kimoja, 7,000 inakaa kwa ajili ya TRA, mamlaka ya mapato, ile asilimia 10 ya pango. 10,000 ni ya matengenezo. 53,000 ndiyo yangu. Hizo elfu kumi kumi kwa mwaka mzima ni 480,000, na zimelipa gari la majitaka, koki, na rangi kila chumba kinapobaki wazi. Kodi ya miezi mitano ijayo naihesabu kama pesa ya mpangaji iliyoko kwangu, kwa sababu bado sijampa hiyo miezi.

Jambo lililonisumbua kuliko kodi lilikuwa umeme. Mita ilikuwa moja, ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kila chumba kinanunua wa 10,000 kwa zamu. Chumba namba 3 alipanga dada anayeuza barafu, na friji yake inanguruma usiku na mchana. Wengine wana taa, feni na simu. Usiku mmoja kijana wa chumba namba 1 akanipigia: "Shikamoo mwalimu. Umeme umekata tangu saa moja, dada anasema si zamu yake." Asubuhi nikaenda. Juu ya mita walibandika karatasi ya daftari yenye majina na tarehe, na mstari wa jina la dada ulikuwa umekatwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Dada akaniita pembeni, akasema taratibu, "Mama, barafu ndiyo inayonilipia chumba chako." Alisema kweli. Na waliomkata jina nao walikuwa na haki.

Nikanunua mita ndogo nne, fundi akafunga moja kwa kila chumba. Jumapili nasoma namba mbele yao, kila mtu anachangia kwa yuniti alizotumia. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na sasa ni 1,500 kwa mwezi, nawarudishia mimi, maana jengo ni langu.

Deni liliisha Februari 2022. Wapangaji watatu wameshabadilika. Dada wa barafu bado yupo namba 3 na ameongeza friji ya pili. Mita yake inakimbia kuliko zote, na Jumapili nikifika nakuta ameshasoma namba na kuiandika kwa chaki ukutani.