Memori kadi zangu zinavyosafiri na jinsi nnavyozilinda njiani

Kazi zangu nyingi ni za njiani. Wiki hii harusi Tanga, inayofuata wageni Serengeti, katikati hapo kuna boti ya kwenda Unguja kupiga picha za hoteli, yani kuna miezi nyumbani napita tu kubadili nguo. Kamera ikigoma naweza kuazima kwa mwenzangu, lensi ikidondoka inauma ila kazi inaendelea, lakini kadi yenye ndoa ya watu ikipotea hapo hakuna cha kuazima, huwezi kumwambia shehe arudi aozeshe upya. Kwahiyo nina utaratibu wangu wa kubeba memori kadi na nimeona niuandike mana madogo wanaoingia kwenye hii kazi wananiuliza sana.

Kwanza nianze na watu wanaogopa vitu visivyo na shida. Mashine za kukagua mizigo uwanja wa ndege haziui picha kwenye kadi. Mzee aliyenifundisha kazi mpaka leo nikimpigia kumuaga ananiambia "mwanangu, zile kadi usizipitishe kwenye mashine, waombe wakague kwa mkono", mimi naitikia tu haya mzee wangu, nitafanya hivo. Yeye katoka enzi za filamu, na kwa filamu alikua sahihi kabisa, mionzi inaichafua hasa zile za ISO kubwa, yani za kupigia penye mwanga mdogo. Kadi ni habari nyingine, picha zimehifadhiwa kama chaji ndogondogo za umeme ndani ya chipu na mionzi ya ukaguzi ni midogo mno kuzigusa. Sumaku ya mfuko wa simu nayo haifanyi kitu, hiyo ilikua hofu ya kanda za kaseti. Baridi pia, kadi nyingi nzuri zimeandikwa kuwa zinafanya kazi kuanzia nyuzi -25 mpaka 85, hata ukipanda Kilimanjaro kitakachokufa mapema ni betri.

Mimi naogopa vitu vitatu: wizi, kupotea, na kuchanganya. SD ya kawaida ni milimita 32 kwa 24, ile microSD ya droni ni 15 kwa 11, ikidondoka kwenye mchanga wa Nungwi kule Unguja ndio basi tena. Na kuchanganya ndo kubaya kuliko vyote, mana mwizi atakuibia mara moja moja lakini kuchanganya unaweza kufanya kila siku jioni ukiwa umechoka, kadi ina kazi wewe unadhani tupu, unaifomati, yani unafuta vyote vilivyomo.

Dawa yangu ya kuchanganya ni rahisi. Nina kikasha kigumu chenye mpira pembeni kisichoingiza maji, ndani kuna vishimo vya kadi. Kadi tupu inakaa lebo juu, iliyopigwa inakaa lebo chini na kiswichi chake kimeshushwa kwenye lock. Hicho kiswichi watu wanakidharau afu wengine wanakiamini kupita kiasi. Ni kipande cha plastiki tu, hakizuii chochote ndani ya kadi, kamera au kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta, ndo inakiangalia na kuamua isiandike. Lakini kwa mtu aliyechoka kinatosha, ukiichomeka kwa bahati mbaya kamera inakataa na wewe unashtuka. MicroSD haina hicho kiswichi kwahiyo za droni nina kikasha chake tofauti, rangi tofauti, na zikishajaa hazirudi humo mpaka nimekopi.

Kikasha hakikai kwenye begi la kamera. Hapa nakazia. Begi la kamera linajitangaza lenyewe, kila mtu akiliona anajua kuna hela. Ukishuka stendi usiku, wapigadebe wamekuzunguka, mmoja kashavuta begi anakuelekeza kwenye bajaji, au pale bandarini Dar wachukuzi wanavyogombania mizigo ya boti, begi linaweza kutoka mkononi dakika nzima hujui liko wapi. Vile vindege vya kwenda Seronera ndani ya Serengeti navyo vingi wanataka begi laini na kilo 15 tu, mara nyingi rubani anakwambia begi liende nyuma. Mimi kikasha chote, kadi tupu na zilizopigwa, kiko kwenye kimkoba cha kiunoni ndani ya shati. Mwizi akichukua begi kachukua vyuma, kazi ya mteja bado ninayo. Nikienda kuoga gesti natoka na kimkoba bafuni naning'iniza kwenye msumari, wacheke tu.

Kuhusu ukubwa wa kadi tunabishana sana na wenzangu. Kuna wanaosema nunua moja ya GB 512 uweke ndani usahau. Mimi natumia GB 64 na chache za GB 128. RAW moja, yani faili la picha ambalo kamera haijalichakata, ya megapikseli 24 ikiwa imebanwa ni kama MB 25 hadi 30 hivi, kwahiyo GB 64 inakupa picha 2,000 na ushee, hiyo ni nusu ya harusi. Kadi moja ikiniharibikia naumia nusu. Wapinzani wangu wanasema ukiwa na kadi nyingi ndo unazidisha nafasi ya kupoteza moja, na kusema ukweli wana hoja, ila ndo mana kuna kikasha, nikikifungua nikakuta kishimo kitupu najua hapohapo.

Kamera yangu ina sloti mbili na nimeiseti iandike picha ileile kote kuwili. Hii imeshaniokoa, harusi ya Tanga hiyohiyo, tumetoka msikitini tunaelekea ukumbini kamera ikaanza kuandika kosa la kadi, nikaitoa nikairudisha, bado. Sikuihangaisha tena, nikaizungushia karatasi nikaiweka mfukoni nikaendelea na kadi mpya. Mama wa bibi harusi aliniona namnong'oneza dogo anayenisaidia, akanifata, "mwanangu, picha za msikitini zipo?" Zipo mama, usiwe na wasiwasi, ziko sehemu mbili. Na kweli zilikuwepo kwenye kadi ya pili. Ile mbovu nilivofika Dar niliiendesha na PhotoRec, ni programu ya bure ya kufufua mafaili, ikatoa karibu zote japo majina ya mafaili yalikua yamevurugika. Cha kujua ni hiki, kadi ikileta kosa au mtu akifuta picha usipige hata moja tena humo. Ukifuta, kamera inaandika tu kwamba ile nafasi iko wazi, picha yenyewe bado imelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Wengi wanaharibu kwa "ngoja nijaribu kama inafanya kazi".

Jioni sasa. Nikifika nilipolala, kabla ya kula, nakopi. Nasema kukopi, sio kukata na kubandika, umeme ukikatika katikati ya kukata unabaki huku nusu kule nusu. Kambi za porini nyingi ni sola na jenereta, na kuna ambazo jenereta inazimwa usiku, kwahiyo laptopu naichaji mchana kwenye gari na jioni natumia betri yake. Nakopi kwenye disiki mbili za nje, zile SSD ndogo. Natumia TeraCopy, programu ya kukopia mafaili, kwa sababu ukiiambia ihakiki inasoma tena faili lililokopiwa na kulinganisha na lile la kwenye kadi. Bado nafungua picha chache kwa macho yangu, ya mwanzo, za katikati, ya mwisho, naikuza mpaka kope zionekane. Kuhesabu mafaili peke yake hakutoshi, faili linaweza kuwepo na jina lake zuri afu ndani nusu ni kijivu.

Disiki moja nalala nayo, ya pili anabeba dogo kwenye begi lake la nguo. Kwa safari za wageni dereva wangu wa Arusha, tumezoeana siku nyingi, anaifungia kwenye kisanduku cha zana za gari. Anapenda kuniambia "kaka leo nimebeba simba wako wote". Na kadi zenyewe sizifomati njiani hata kama zina kopi mbili tayari, labda ziniishie kabisa, narudi nazo zimejaa. Nikifika nyumbani nikishaweka kopi nyingine ndo nazifomati, na nafomatia ndani ya kamera, sio kwenye kompyuta, ili kamera ipange mafolda yake yenyewe.

Watu wananiuliza kwanini nisirushe tu mtandaoni. Kwa bando gani? Siku moja ya Serengeti ni GB 60, mtandao wenyewe unaupata ukipanda juu ya kilima. Nachofanya nachagua JPEG, yani picha zilizobanwa zikawa nyepesi, chache nzuri kuliko zote nazituma kwenye akaunti yangu nikipata waifai ya lodji, ili hata dunia ikipinduka mteja apate kitu.

Vumbi na chumvi nitasema kifupi. Kwenye gari sibadili kadi gari ikitembea wala mlango ukiwa wazi, nina kitenge nafunika kamera juu ya mapaja nabadilishia chini yake, vumbi likiingia kwenye sloti ndo linakuja kukwaruza ile mistari ya dhahabu ya kadi inayogusana na kamera. Juu ya dashibodi kwenye jua hakiwekwi kitu. Baharini shida ni chumvi, inakaa kwenye ile mistari na kadi inaanza kusomeka leo kesho haisomeki, nikirudi nafuta na pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti kidogo. Kadi ikitumbukia baharini usiichomeke ikiwa na chumvi, isuuze kwa maji baridi ya kunywa, iache ikauke siku nzima kivulini, mara nyingi inafufuka.

Na haya yote hayana maana kama kadi yenyewe ni feki. Kariakoo utakuta kadi ya jina kubwa GB 256 kwa bei ya chipsi kuku, ukiiweka kwenye kompyuta kweli inaonyesha 256, kumbe ndani chipu ni ndogo na imedanganywa iseme hivo. Ikijaa sehemu ya kweli inaendelea kupokea picha kama kawaida, ila zinapotea au zinakanyagana, na hutajua mpaka ufungue. Kadi yoyote mpya nanunua mapema, naijaza na H2testw, programu ya kupima kadi kwenye Windows, wa Mac na Linux wana F3, inaandika mpaka mwisho afu inasoma tena kuona kama inarudi kile kile. Inachukua muda, acha iende wewe kaangalie mpira. Isiyopita narudisha dukani siku hiyohiyo na risiti mkononi.

Kitu kingine nafanya, picha ya kwanza kwenye kila kadi ni karatasi niliyoandika jina langu na namba ya simu kwa maandishi makubwa, mtu akiiokota akaichomeka anajua pa kunipata. Kwenye kadi yenyewe naandika namba kwa maka peni nyembamba. Stika sibandiki, joto likizidi inabanduka na kukwama ndani ya sloti, na fundi wa kuitoa hapo sio wa bei ndogo.