Nakala 61: Siku Moja kwenye Meza Yangu ya Magazeti, Msamvu

Saa 10:15 alfajiri

Gari linaloleta magazeti kutoka Dar es Salaam halimsubiri mtu, kwa hiyo mimi ndiye ninayelisubiri. Magazeti huchapwa usiku na kusafirishwa kilomita zipatazo 190 hadi Morogoro kabla jua halijachomoza nyuma ya milima ya Uluguru. Dereva hushusha furushi letu jirani na stendi ya Msamvu, hupiga honi mara mbili, kisha huendelea na safari ya Dodoma. Tunafungua kamba kwa mwanga wa simu na kila mmoja anatenga hesabu yake. Zamani tulikuwa wauzaji tisa tukigombea furushi hilo, na ugomvi haukukosekana. Leo tupo watatu, tena tunasaidiana kuhesabu.

Hesabu yangu ya leo Jumanne ni nakala 61, magazeti ya habari na ya michezo yakijumlishwa pamoja. Katika wiki za Uchaguzi Mkuu wa 2015 nilikuwa nikipokea zaidi ya 300, na kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nampigia wakala kumwomba aniongezee.

Saa 12:00 asubuhi

Kupanga meza ni kazi yenye kanuni zake, na kanuni hizo nilifundishwa na baba, ambaye meza hii niliirithi kwake. Alipoianza mwaka 1979 hapakuwa na mengi ya kupanga: siku za kazi Uhuru na Daily News, Jumapili Mzalendo na Sunday News, pamoja na machache ya madhehebu ya dini. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992 meza ilijaa hadi ikabidi aongeze ubao. Mimi nilipoichukua, Mwananchi lilikuwa bado changa, na Habari Leo, lililoanza mwishoni mwa 2006, nililiweka mezani kwa mkono wangu tangu toleo la kwanza. Ubao ule wa nyongeza bado ninao, lakini siku hizi ninauwekea soda na maji ya chupa.

Daladala ya kwanza inasimama mbele yangu ikiwa na redio iliyofunguliwa kwa sauti kubwa, na mtangazaji anasoma magazeti. Vichwa vyote vya habari nilivyovipanga kwa uangalifu vinatangazwa bure kwa abiria wangu watarajiwa kabla hata hawajakanyaga ardhi. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa tu bila kuingia ndani ya habari, ili watu waendelee kununua magazeti. Nilifurahi siku ile. Baadaye nilielewa kwamba agizo lilikuwa limemlenga jirani wakati mwizi ameshapita dirishani, kwa sababu kurasa za mbele za magazeti yote huwa zimekwisha kupigwa picha na kusambazwa kwenye simu kabla gari langu halijafika Msamvu.

Baba alinikataza kabisa kumfukuza msomaji wa kusimama, yule anayeinama mikono ikiwa nyuma, anasoma ukurasa wa mbele hadi pale panapoandikwa “inaendelea ukurasa wa pili”, kisha anaondoka. Alisema kwamba huyo ni mteja ambaye mshahara wake haujaingia. Ninakiri kwamba ninawakumbuka wasomaji wa kusimama kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya wanunuzi, kwa maana hata wao wamepungua.

Saa 1:30 asubuhi

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Limekuja?”

Mzee wa reli hajawahi kutaja jina la gazeti lake. Huuliza tu kama “limekuja”, na mimi hulitoa chini ya meza nilikolihifadhi, likiwa limekunjwa mara moja kama apendavyo. Wakati wa baba, na hata katika miaka yangu ya mwanzo, karibu wateja wote walikuwa namna hiyo. Kumpa mtu gazeti lisilo lake lilikuwa kosa la kumwomba radhi. Yupo aliyekuwa akisoma Uhuru na asiyekubali kulifungia mandazi, na yupo aliyekuwa akinunua gazeti la upinzani na kulificha ndani ya gazeti la michezo hadi afike nyumbani.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba huo ndio uaminifu wa msomaji, na kwamba uaminifu wa aina hiyo haufi. Nilibadilisha mawazo mwaka 2017, pale Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalipofungiwa kwa nyakati tofauti ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa na mwalimu mmoja aliyekuja kila wiki kuchukua gazeti lake, moja kati ya hayo. Lilipofungiwa nilimwonyesha mengine yaliyofanana nalo, akatabasamu na kukataa. Alipita wiki ya kwanza, akapita ya pili, tukasalimiana, na ya tatu hakupita. Februari 2022, serikali iliporudisha leseni za magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, nilimtafuta kwa simu kumpa habari njema. Alinishukuru kwa heshima na kuniambia kwamba siku hizi husoma kwenye simu, halafu akaniuliza hali ya watoto. Hakuwa na kinyongo na gazeti. Miguu yake ndiyo iliyokuwa imesahau njia.

Mzee wa reli analipa shilingi elfu moja na kuanza kusoma kutoka ukurasa wa mwisho, kama kawaida yake.

Saa 3:00 asubuhi

Huu ndio muda mabasi yaliyotoka Dar es Salaam alfajiri yanapoingia Msamvu yakielekea Dodoma, Iringa na Mbeya. Palikuwa na vijana waliokimbia kando ya basi wakiwa wamepanga magazeti mkononi kama karata, wakipokea noti dirishani na kurudisha chenji huku basi likiondoka. Leo kijana pekee anayekimbia anauza korosho. Madirisha ya mabasi mengi ya sasa hayafunguliwi, abiria wamechomeka chaja na vichwa vyao vimeinamia simu. Isitoshe, tangu katikati ya 2024 treni ya kisasa imewachukua abiria wengi waliokuwa wakipita hapa kwenda Dodoma, na treni haisimami mbele ya meza yangu. Nimeuza nakala mbili kwa mabasi saba. Sina la kuongeza hapo.

Saa 4:30 asubuhi

Namwachia meza binti yangu na kwenda kupeleka magazeti maofisini. Njia hii ndiyo iliyokuwa ikinilipia ada za shule, kwa kuwa ofisi haijali mvua wala mwisho wa mwezi.

Katika ofisi ya pili, ambayo nimeipelekea nakala nne kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja, mhudumu ananikaribisha chai kabla ya kunipa barua. Chai ile ilinitia wasiwasi kabla sijaisoma barua yenyewe. Imeandikwa kwa adabu kwamba kuanzia kesho huduma ya magazeti imesitishwa kwa ajili ya kubana matumizi. Mhudumu anaomba radhi kana kwamba yeye ndiye mwenye fedha. Ninamwambia asijali, ninakunja barua na kumaliza chai.

Njiani ninajiuliza ofisi ile ilikuwa ikinunua nini hasa kwa miaka yote hiyo. Wahariri watasema ilinunua habari na uchambuzi, na ninawaheshimu wahariri, lakini mimi ndiye niliyeona kurasa zipi zilichakaa. Mhasibu alifungua moja kwa moja kurasa za zabuni. Mhudumu alitafuta nafasi za kazi kwa ajili ya kijana wake. Mwezi ambao majina ya wanafunzi waliochaguliwa kuendelea na masomo yalichapishwa, palikuwa na foleni mezani kwangu, na wazazi wasiojua kusoma walimpa mtu yeyote aliyesimama karibu gazeti ili awatafutie jina. Gazeti lilikuwa ubao wa matangazo wa nchi nzima, na habari zilipata usafiri wa bure juu yake.

Kisha vitu hivyo viliondoka kimoja baada ya kingine, bila kelele. Matokeo ya mitihani na orodha za waliochaguliwa vilihamia kwenye tovuti. Nafasi za kazi serikalini zikahamia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Zabuni za umma zikaingia kwenye TANePS, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na tangu 2023 zipo kwenye NeST, uliochukua nafasi yake. Matokeo ya mpira, ambayo shabiki wa Simba au Yanga aliamka mapema kuyathibitisha hata kama aliyasikia redioni, yanafika kwenye simu kabla mwamuzi hajaondoka uwanjani. Ninaposikia watu wakisema kwamba wasomaji wa siku hizi si waaminifu, huwa nataka kuwauliza kilichobaki ndani ya gazeti ambacho msomaji huyo amekisaliti. Mwishoni mwa 2020 kampuni iliyokuwa ikichapisha Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba ilisimamisha uchapaji wa magazeti hayo kwa mpigo, na kwa wiki nzima hakuna aliyeniuliza yamekwenda wapi isipokuwa wazee wawili na fundi viatu wa jirani.

Saa 6:40 mchana

Kivuli cha mwembe kimesogea na meza imo juani. Anakuja kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na viatu vyenye vumbi la mwendo mrefu. Ananisalimu, kisha ananionyesha simu yake. Kuna picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti moja kubwa, yenye tarehe ya leo, na kichwa cha habari kinasema kwamba walimu waliokuwa wakisubiri ajira wanatakiwa kuripoti kwenye vituo vya kazi ndani ya siku saba.

“Mama, naomba nilione lile la leo lenyewe.”

Nampa. Analilaza juu ya meza na kuiweka simu pembeni yake, akalinganisha kama mtu anayekagua noti. Jina la gazeti ni lilelile na rangi ni ileile, ila herufi za kichwa cha habari zimebanana kidogo kwenye simu, na namba ya toleo haifanani. Ukurasa halisi wa leo hauna neno lolote kuhusu walimu. Hata hivyo hakuridhika: alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, akapitisha kidole safu kwa safu hadi kwenye matangazo ya mnada. Sikumharakisha. Amemaliza chuo miaka mitano iliyopita, akaniambia bila kuinua macho, na picha ile imetumwa kwenye makundi yote aliyomo tangu usiku; mama yake ameshapiga simu kumpongeza.

“Basi ni ya uongo,” akasema, na akaanza kulikunja gazeti kwa mikunjo isiyo yake. “Samahani, mama, sina hela ya kulinunua. Nilitaka kuhakikisha tu.”

“Hakuna neno, mwanangu.”

Huyu ni wa nne au wa tano tangu mwezi huu uanze. Wanakuja na picha, na sauti zilizorekodiwa, na matangazo yenye nembo za serikali, na wote wanauliza swali lile lile la Mzee wa reli kwa maneno mengine. Hawanunui. Hakuna hesabu ya mauzo inayowatambua, wala mwenye gazeti hajui kwamba wapo, na mimi siwezi kumshawishi wakala kwa hoja kwamba watu wanatembea juani ili kuligusa gazeti lake. Lakini niliwahi kuona jambo linalofanana na hili Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki. Habari ilikuwa imetangazwa usiku kwenye televisheni na kila mtu alikwisha kuijua, na bado siku zilizofuata nakala zote ziliisha. Watu walitaka kushika mkononi kitu ambacho hakuna awezaye kukifuta.

Nakala aliyoifungua kijana imechakaa kwenye pembe na wino umetia alama za vidole vya jasho. Wakala hapokei marejesho ya namna hiyo. Nimeiandika kwenye daftari upande wangu wa hasara.

Saa 8:15 mchana

Karani wa wakili mmoja amechukua nakala mbili zenye tangazo la mirathi, za kuwasilisha mahakamani. Matangazo ya mirathi na ya hati za viwanja zilizopotea bado yamebaki gazetini, na ninawashukuru marehemu kwa hilo, Mungu anisamehe.

Saa 10:30 jioni

Muuza chapati wa ng’ambo ya barabara anakuja kuchukua kilo zake za magazeti ya zamani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, gazeti la wiki iliyopita lina soko la uhakika kuliko la leo: wauza mihogo na maduka ya misumari wote wananihitaji. Yeye hupendelea kurasa zisizo na picha kubwa za rangi, akidai wino wake hushika kwenye chakula. Nilimpa nakala ile ya kijana pamoja na nyingine, halafu nikabadilisha mawazo, nikaichomoa na kuirudisha mezani.

Nakala zilizouzwa ni 38, mbili zikiwa za karani, na za marejesho ni 22. Faida yangu kwa gazeti moja haitoshi nauli ya daladala ya kunirudisha nyumbani, ila zikijumlishwa, pamoja na soda na kilo za muuza chapati, siku imepita bila deni.

Saa 2:00 usiku

Kila usiku saa hii wakala hututumia ujumbe mfupi kuuliza idadi ya kesho, na hujibiwa kwa tarakimu tupu. Ninafungua daftari na kupitia majina, kwa kuwa mimi sihesabu magazeti, nahesabu watu: Mzee wa reli, mwuguzi wa zamu ya asubuhi, mchungaji, fundi viatu, maprofesa wawili wa Sokoine ambao hawapitani mezani bila kubishana. Ofisi ya barua ninaikata kwa mstari mmoja, na 61 ukitoa nne zinabaki 57.

Nikaandika 57. Kabla sijaituma niliifuta, nikaandika 58, nikatuma na kuzima taa.