Faili la Juni 1985

Mwalimu alinielekeza nipakue faili dogo liitwalo s54405.pha. “Wengi wetu tulianzia hapa,” akasema, kisha akavuta kiti. Ndani ya faili hilo kulikuwa na fotoni (chembe za mwanga) za eksirei zilizonaswa na setilaiti ya Ulaya, EXOSAT, mwezi Juni 1985, kutoka nyota ya nyutroni (kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka) 1E 1048.1-5937, ambayo hujizungusha kila baada ya sekunde 6 na kitu. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Nikaandika “data” na jina la faili. XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksirei, yaani mwanga ulivyogawanyika kwa nishati, ikalisoma mara moja. Programu hiyo Rick Shafer aliiandika mwaka 1983 pale Cambridge, Uingereza, kwenye kompyuta za VAX, kwa ajili ya EXOSAT hiyohiyo. Baadaye Keith Arnaud na wenzake wa NASA wakaiendeleza, hata ikaandikwa upya kwa C++. Na kuna watu waliokaa wakahamishia data za setilaiti zilizokwisha kufa kwenye FITS, mfumo wa faili wanaotumia wanaastronomia, ili sisi tuzikute. Hao hawasifiwi vya kutosha.

“Mwalimu, kwa nini tusigeuze hesabu tu, tutoke kwenye chaneli, yale mafungu ya nishati ambamo kigunduzi huhesabia fotoni, turudi kwenye spektra halisi?”

“Kwa sababu fotoni za nishati moja hutawanyika kwenye chaneli nyingi. Ukilazimisha kurudi nyuma, kelele kidogo inavuruga jibu zima. Wewe kisia spektra, ipitishe kwenye faili la mwitikio wa kigunduzi, linaloeleza jinsi kinavyotawanya fotoni, halafu linganisha na kilichohesabiwa.”

Nikaweka phabs mara powerlaw: gesi inayofyonza eksirei njiani, na mwanga unaopungua kadiri nishati inavyopanda. Nikaandika “fit”. Khi-mraba, kipimo cha tofauti kati ya modeli na data, ikaporomoka mstari kwa mstari, na kwenye grafu ule mstari wa ngazi wa modeli ukapita katikati ya alama za data. Nilishangilia kwa sauti. Waliorekodi fotoni zile hawakujua kwamba wanaitazama magneta, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno. Nadharia ya nyota hizo ilichapishwa mwaka 1992.

Mwalimu alipoondoka nikajaribu bbody, mwanga wa kitu cha moto. Khi-mraba ikabaki juu, na kiasi cha gesi kikashuka hadi karibu sifuri. Haiwezekani: nyota hiyo iko mbali ndani ya bapa la galaksi yetu, na mwanga wake lazima upenye gesi. Nikaifuta modeli hiyo, nikaendelea na bremss, modeli ya mwanga wa gesi ya moto.