Saa ya mazoezi ndani ya mtumbwi: jinsi ninavyoivaa

Ukinunua saa ya mazoezi hapa Nairobi na kusema utaenda nayo majini, jibu la dukani ni lilelile: "Hii haiingii maji, wewe vaa tu." Jibu hilo limewaharibia watu saa, na halikuandai hata kidogo kwa kazi ya kupiga kafi. Saa inayohesabu vizuri ukikimbia msitu wa Karura inaweza kukudanganya kutwa nzima ukiwa ziwani Naivasha au ukiteremka mto Tana kutoka Sagana. Yangu sasa inafaa safari za siku kadhaa, na wala si ya bei ya juu.

Kuhusu maji, "5 ATM" nyuma ya saa maana yake ilipimwa ikiwa mpya, kwa shinikizo la maji yaliyotulia ya kina cha mita 50. Raba inayoziba ndani huchakaa kwa jua, sabuni na mafuta ya kukinga ngozi, kwa hiyo saa ya miaka mitatu si ile iliyopimwa. Usibonyeze vitufe ikiwa imezama. Dawa ya mbu yenye DEET ndiyo adui mkubwa, kwani huyeyusha aina fulani za plastiki; mimi huvua saa, napaka dawa, nanawa viganja, kisha navaa. Funga skrini ya kugusa kabla ya kushuka majini, la sivyo matone yataibonyeza na kurekodi kutasimama bila wewe kujua.

Mapigo ya moyo ndiyo yanayopotosha watu zaidi. Taa za kijani chini ya saa humulika ngozi, na kihisi hupima mwanga unaorudi, ambao hubadilika kila damu inapopita. Ukipiga kafi, kifundo cha mkono hujikunja, kano hucheza, saa huinuka na mwanga wa jua hupenya. Zaidi ya hapo, kafi yenyewe ina mdundo. Ukipiga mara 60 kwa dakika, kihisi kinaweza kuushika mdundo huo, au maradufu yake, kikakuandikia 60 au 120 hata kama moyo uko kwingine kabisa. Kuna jaribio rahisi: acha kupiga kafi ghafla huku ukitazama namba. Moyo hushuka polepole. Namba ikianguka papo hapo, ulikuwa unasoma mwendo wa mkono.

Watu watakuambia ukaze mkanda. Ukikaza mno unabana damu, na maji baridi ya asubuhi yameshaifanya mishipa midogo ya ngozi ijibane. Dawa ni kuihamisha saa. Yangu hukaa kwenye msuli wa juu ya kiwiko, chini ya bega, mahali pasipokunjika na ambapo jaketi la kuokoa maisha halifiki. Mkanda wa kawaida haufiki huko, basi nunua utepe wa lastiki kwenye duka la vifaa vya ushonaji, upana wa milimita 20 au 22 kulingana na nafasi kati ya pini za saa yako. Kunja mkono, pima mzunguko wa msuli ukiwa umetuna, punguza sentimita mbili, kisha ongeza sita za velkro ya kufungia. Fundi wa viatu atashona kwa uzi wa nailoni, mistari miwili kila upande, kwa shilingi mia chache tu. Ukiivaa huko hesabu ya makafi hupungua, kwa sababu sehemu hiyo ya mkono husogea kidogo kuliko kifundo. Mimi nataka moyo, kwa hiyo hesabu ya makafi nimeiacha.

Usishawishiwe kununua ule mkanda mrefu wa kijeshi unaopita chini ya saa nzima. Ni kweli pini moja ikivunjika saa haidondoki, lakini kitambaa kinaziba taa za kihisi. Badala yake nafunga mshipi mwembamba wa kuvulia kwenye pini zote mbili, na ncha yake kwenye tundu la kifungo cha shati. Uwe mfupi, na uwe dhaifu kiasi cha kukatika ukivutwa kwa nguvu. Kamba ndefu na imara hunasa kwenye matawi yaliyozama mtumbwi ukipinduka.

Betri huisha haraka kwa sababu ya mipangilio ya kiwandani. Ile skrini inayowaka mkono ukiinuka huwaka kwa kila kafi! Izime, pamoja na kipimo cha oksijeni, arifa za simu na bluetooth. Jioni unachaji kwa pawa benki, na hapo kuna mtego. Saa huvuta umeme mdogo sana, hivyo pawa benki nyingi hudhani hakuna kilichochomekwa na kujizima baada ya muda mfupi. Unaamka asubuhi saa iko asilimia 12 na pawa benki imejaa, na unadhani waya ni mbovu. Chomeka tochi ya kichwani au simu kwenye tundu la pili kwa wakati uleule, na pawa benki itabaki macho hadi saa ijae. Kabla ya hapo kausha kabisa zile pini za kuchajia: umeme ukipita penye unyevu hula chuma chake, na pini zikishaliwa hakuna fundi anayezirudisha vizuri.

Kwa ramani ya njia, chagua kurekodi kila sekunde ikiwa mto una kona nyingi. Ile hali ya kubana betri hurekodi nukta chache za njia na kukata kona, na umbali unatoka mfupi. Simamisha kurekodi mkipumzika kula, kwa kuwa GPS hutangatanga ukiwa umekaa na kukuongezea mita za bure. Unganisha saa na simu kabla ya kuondoka mjini ipakue taarifa za setilaiti. Itazishika upesi hata kwenye miti ya kingoni.

Kengele nazo nazipanga nyumbani, zote za mtetemo. Moja hulia kila dakika 20 ya kunywa maji. Nyingine ni ya saa kumi alasiri, yaani 16:00 kwenye skrini, na hiyo ni amri ya kutafuta pa kutua. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na viboko hutoka majini kwenda malishoni giza likiingia, tena kwa njia zao zilezile za ukingoni. Muda huo wa saa mbili na nusu unatosha kukagua ukingo, kuruka sehemu yenye njia ya kiboko, na kupata nyingine kungali mwanga.