Sura Iliyomwacha Marehemu Njiani

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika bila kuhesabu kurasa. Nilipomaliza kuichapa kwenye kompyuta ndipo nikaona aibu: sura ya tatu ilikuwa na kurasa 31, ya nne kurasa 6. Mtu angedhani ile ya tatu niliiandika nimeshiba, hii nyingine nina njaa. Nikaamua kusawazisha. Kila sura kurasa 10, kama maneno 2,800 hivi, basi.

Hesabu ilikaa vizuri. Riwaya ndiyo iliyoharibika.

Siku hizo nilikuwa naishi na bibi yangu Morogoro. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo jioni nilikuwa namsomea huku akichambua mchele kwenye ungo. Kwenye sura ya tano mna msiba: jeneza limetoka nyumbani, wanaume wanapokezana, mvua inaanza. Hapohapo kurasa 10 zikatimia. Nikasema, "Sura ya sita," nikaingia habari za sokoni. Bibi akauweka ungo chini.

"Wewe, na marehemu mmemwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilirudisha maziko yote ndani ya sura moja, ikafika kurasa 17.

Kuanzia hapo nikawa namsikiliza Bibi. Akiuliza kama kuku wamefungiwa, natia alama ya penseli pembeni, maana hadithi imeshamwachia. Ajabu ni kwamba ule msiba wa kurasa 17 aliumaliza bila hata kukohoa, lakini baraza la wazee, kurasa 8 tu, kuku walitajwa kwenye ukurasa wa tatu. Nilitaka kuikata sura ile mara mbili, nikajizuia. Ningepata sura mbili za kuchosha badala ya moja. Nikafuta hotuba za wazee wawili, zikabaki kurasa 5.

Nilikuwa na ugonjwa mwingine. Nimekulia kwenye hadithi za magazetini, zile za "itaendelea wiki ijayo", kwa hiyo kila sura niliifunga mlango ukigongwa. Gazetini inafaa, msomaji hana njia ila kungoja. Kitabuni anafunua ukurasa tu, na mlango ukigongwa mara ya sita anajua anayegonga ni mwandishi. Nikabakiza miwili.

Kiwandani nako walikuwa na lao. Kitabu chetu kilichapwa kwa mafungu ya kurasa 16. Maandishi yalikuwa kurasa 206, yanaenea kwenye 208. Lakini nilitaka kila sura ianzie ukurasa wa kulia, kama vitabu vya waandishi wakubwa. Kwa sura 23, hilo lilizaa kurasa tupu 11, tukavuka 208 na kulazimika kwenda 224. Fungu zima la karatasi, nilipie hewa! Nikakubali sura ianze popote inapoangukia.

Zilizotoka hazilingani hata kidogo. Fupi kuliko zote ni ya 19, ukurasa mmoja na robo: mjane anarudi kutoka kisimani, anapakua ugali wa watu wawili kwa mazoea. Mhariri aliandika pembeni, "Ongeza." Nilimsomea Bibi jioni ile. Mkono ukasimama juu ya ungo, akakaa kimya, kisha akaniagiza maji ya kunywa.

Sikuongeza.